Je, wajua? Kwa nini kivuko kikianza kusema huacha "ki-" yake

Waambie wanafunzi wa darasa la nne jijini Dar es Salaam wajifanye kivuko cha Kigamboni na waandike shairi. Wengi wataanza hivi:

Mimi ni kivuko.
Ni kikubwa sana.
Kinabeba watu na magari.

Mstari wa kwanza uko sawa. Kuanzia wa pili kivuko kimenyamaza, na mtoto amerudi nchi kavu anakitazama. Kinachomuumbua ni kiambishi. Kitu kikipewa nafsi huingia ngeli ya sungura na fisi wa hadithini: "kikubwa" huwa "mkubwa", na "kinabeba" huwa "nabeba". Kwa hiyo usiisahihishe "ki-" hiyo kama kosa la sarufi tu; imekuonyesha hasa pale mtoto alipovua kinyago.

Na kinyago ndicho asili ya shairi la namna hii. Neno la Kilatini "persona" lilitaja kinyago alichovaa mwigizaji jukwaani. Mshairi humwachia mwingine aseme "mimi": kivuko, kunguru, konda, mama ntilie. Tashihisi peke yake haifiki huko. Ukiandika "upepo ulininong'oneza", upepo umepewa tabia ya mtu, lakini msemaji bado ni wewe.

Kabla ya kuandika, wasome. Dakika 10 za kipindi cha dakika 40 zinatosha: soma kwa sauti shairi fupi ambalo kichwa chake umekificha, kisha uliza, "Nani anasema? Neno gani limekuambia?" Swali la pili ndilo somo lenyewe, kwa hiyo usikubali jibu lisilo na neno kutoka kwenye shairi.

Kisha kila mtoto achague msemaji na ajibu maswali manne kwenye daftari: anaona nini, anasikia nini, anataka nini, anasema na nani? Mawili ya kwanza hujibiwa upesi. Mawili ya mwisho ndiyo yanayozaa shairi, maana asiye na haja wala msikilizaji hubaki kuorodhesha viungo vyake, nasi tunapata insha ya "Gari letu" iliyokatwakatwa mistari. Hapa pia ukweli wa mahali husaidia. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, na sasa magari yanavuka kwenda Kigamboni bila kupanda kivuko. Je, kivuko kinaona wivu, au kinashukuru kupunguziwa mzigo? Mtoto akishaamua, shairi linaweza kugeuka hivi:

Nyie mnaosukumana getini,
subirini, sijang'oa nanga.
Mkokoteni wa madafu
umenikwaruza mgongo.
Kutwa naenda ng'ambo na kurudi,
nani ameniuliza nalala wapi?

Vina na mizani visubiri. Najua wapo walimu watakaonuna, na tarbia, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, yenye mizani (silabi) 16 kwa mstari, ni urithi wa kujivunia. Lakini mtoto wa miaka 10 akibanwa na kina cha "-ni" huandika lolote linaloishia na "-ni", na sauti ya msemaji hupotea. Mistari sita hadi minane huru inatosha. Mizani ije kwenye rasimu ya pili, baada ya msemaji kusimama.

Darasa likiwa na wanafunzi wengi, makundi ya watano yajadili msemaji mmoja, ila kila mmoja aandike lake. Shairi la kundi huandikwa na mtoto mmoja huku wanne wakichungulia. Wakichagua binadamu, asiwe mwenzao wa darasani, wala lafudhi au ulemavu wa mtu usigeuzwe kichekesho.

Dakika tano za mwisho msomaji asimame, afiche kichwa cha shairi, aite "Kitendawili!" na darasa lijibu "Tega!" Wakimtambua msemaji kwenye mstari wa kwanza, mwandishi ajaribu kufuta mstari huo: mara nyingi ni ule wa "Mimi ni kivuko", na shairi halitaukosa.