"Chujio nimeliosha bombani, fundi": dhana potofu kuhusu vinyuzi vya plastiki kwenye majitaka

Wiki iliyopita nilikwenda Namuwongo, hapa Kampala, kukagua chujio la kunasa vinyuzi vya plastiki vinavyotoka kwenye nguo, nililoifungia mashine ya mama mmoja mwenye biashara ya kufulia. Lilikuwa linang'aa. "Fundi, nalitunza," akaniambia. "Kila jioni nalifungua, naliosha." Nikamwomba anionyeshe. Akalipeleka kwenye bomba la nje, akafungulia maji, na lile bonge la kijivu lililonaswa kutwa nzima likateleza hadi mtaroni, njia ya mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo unaishia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na ghuba hiyo ndiyo mitambo ya Ggaba inakochota maji tunayokunywa.

Ni mteja wa nne kunifanyia hivyo mwaka huu. Wote ni watu makini, wametoa fedha zao kwa nia njema kabisa. Ila wanaamini kwamba kilichochujwa kimekwisha, na imani hii imenichosha kuliko nyingine zote.

Waliosoma nao wanayo, kwa sura nyingine: "Maji si yanaenda Bugolobi? Mtambo wa majitaka wa huko utaviondoa vinyuzi." Kwanza, nyumba nyingi za Kampala hazijaunganishwa na bomba la majitaka, zinatumia vyoo vya shimo na matangi, na maji ya kufulia yanamwagwa uani. Pili, hebu tuulize mtambo unafanya nini hasa. Bakteria wa mtamboni wanakula kinyesi, mabaki ya chakula na sabuni. Poliesta, plastiki inayofumwa nguo, inawapita ilivyokuja. Kazi ya mtambo kwa plastiki ni kuitenganisha na maji: poliesta na nailoni ni nzito kuliko maji, zinazama, polipropilini ni nyepesi, inaelea na kukwanguliwa pamoja na mafuta. Vingi vya vilivyobaki vinanata kwenye tope.

Mtambo mmoja wa Glasgow, Uskoti, ulipimwa na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Ulikuwa unaondoa zaidi ya asilimia 98 ya mikroplastiki, yaani vipande vidogo sana vya plastiki, vinyuzi vikiwemo. Wateja wangu wakisikia hapo wanashusha pumzi. Lakini mtambo huohuo ulikadiriwa kutoa vipande milioni 65 kila siku mtoni, maana maji yanayopita humo ni mengi mno. Na vile vilivyoondolewa? Vimo kwenye mafuta na tope. Wanaonitajia mitambo ya Ulaya ya membreni, yaani ngozi ya kuchujia yenye matundu madogo mno, wana haki, imepimwa ikiondoa hadi asilimia 99.9, basi tope lake ndilo limebeba karibu plastiki yote.

Hapa kwetu tope la mitambo ya majitaka ya Lubigi na Bugolobi hukaushwa, na wakulima hulinunua kurutubisha mashamba. Silipingi hata kidogo, lina naitrojeni na fosforasi ambazo udongo wetu unazihitaji. Ndiyo maana nataka vinyuzi vikamatwe mlangoni mwa mashine, kabla havijachanganyika na kitu ambacho mkulima atakimwaga chini ya migomba yake. Vikishaingia kwenye tope hakuna fundi wa kuvitoa.

Mama wa Namuwongo hakusadiki kwamba lile bonge ni plastiki. "Hilo si vumbi la nguo tu?" Nikabandua kipande kilichobaki pembeni mwa wavu, kikubwa kama ukucha, nikakianika juu ya bati la moto mpaka kikawa mfano wa pamba chafu. Nikakishika kwa koleo, nikawasha kiberiti. Pamba huungua ikaacha jivu laini na harufu ya karatasi. Hiki kilijikunja, kikayeyuka, kikaacha ushanga mweusi kwenye ncha ya koleo. Ulipopoa akaugonga kwa ukucha, ukalia. Hakuniuliza tena. (Hilo ni jaribio la kipande kimoja, nje, penye upepo. Usiende kuchoma ndoo nzima, moshi wake ni sumu.)

Kwa hiyo sharti langu, na nitalirudia mpaka wateja wanichoke: chujio lisafishwe likiwa kavu. Lifungue jioni, liache lichuruzike usiku kucha juu ya ndoo. Asubuhi bonge linabanduka kwa vidole kama kipande cha blanketi kuukuu. Yaliyobaki yatoe kwa brashi kavu. Weka kwenye debe lenye kifuniko, likijaa funga ndani ya mfuko, utoke na taka kavu. Ukilazimika kulisuuza, suuza kwenye beseni, na maji hayo yapitishwe tena kwenye chujio. Hali ya madampo yetu naijua, dampo la Kiteezi liliporomoka Agosti 2024 na kuua watu. Hata hivyo, mfuko uliofungwa hauwezi kulinganishwa na vinyuzi vilivyomwagwa mtaroni jioni ileile.

Dhana potofu nyingine nazipitia haraka.

"Mikroplastiki ni kaveera (mifuko ya plastiki) na chupa zilizosagika." Hizo pia zimo. Lakini watafiti wa Plymouth, Uingereza, walikadiria mwaka 2016 kwamba kufua kilo 6 za nguo za akriliki, plastiki nyingine ya nguo, kwa mashine kunaweza kutoa vinyuzi zaidi ya 700,000. Kapekue lebo za masweta na mablanketi pale soko la Owino uone ni mangapi ya akriliki na poliesta.

"Sisi tunafua kwa mkono, hayatuhusu." Kusugua kunatoa vinyuzi, na maji ya beseni yanakwenda uani au mtaroni bila kizuizi chochote. Yamwage kupitia kitambaa kizito cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Kitambaa nacho kikaushe kwanza, ukikung'ute ndani ya debe.

"Nina wavu tayari." Ukiuangalia, matundu yake ni milimita 1. Huo unazuia vifungo na sarafu. Unene wa kinyuzi cha poliesta mara nyingi ni mikroni 10 hadi 20, na milimita moja ina mikroni 1,000. Usinunue wavu kabla muuzaji hajakutajia mikroni zake.

"Tunatia klorini, tunachemsha." Klorini inaua vijidudu, na plastiki haina uhai wa kuuawa. Kuhusu kuchemsha, watafiti wa China walionyesha mwaka 2024 kwamba kwenye maji magumu, yenye chokaa nyingi, chokaa huganda juu ya vipande vya plastiki na unaweza kuvichuja pamoja nayo; kwenye maji laini msaada ni mdogo. Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Wewe chemsha kwa ajili ya taifodi, kama ulivyozoea.