Je, Wajua Kwa Nini Kiberenge Kidogo Hakiwezi Kuwa Nakala Kamili ya Kikubwa?

Chukua kipimo cha kiberenge halisi, gawanya kwa 20.3, kata plastiki, gundisha. Kwa mtu anayetazama kwa mbali, ndivyo kazi ya kuunda modeli kuanzia sifuri inavyoonekana, na mimi niliianza nikiamini hivyo hivyo. Kiberenge ninachokizungumzia ni basi la reli, yaani gari la abiria lenye injini yake lenyewe, linalokwenda bila kuvutwa na kichwa cha treni. Modeli yake ya kipimo kikubwa hupita nusu mita kwa urefu. Ya kuunda kuanzia sifuri hainunuliwi ndani ya boksi ikiwa vipande tayari. Unanunua karatasi za plastiki, mota, magurudumu na skrubu, yaliyobaki ni mikono yako.

Sasa kwa nini fundi aliyepima kila kitu kwa uaminifu hujikuta anarudi kwenye karatasi na kuchora upya? Ni kwa sababu urefu unapogawanywa, uzito, kona na unene wa bati haviufuati kwa namba ile ile. Kiberenge kidogo kinaishi katika dunia yenye masharti mengine, na fundi lazima akibunie namna yake ya kuishi humo.

Mfano wangu ni viberenge vya Colorado, Marekani, vilivyopewa jina la Galloping Goose, yaani bata bukini apigaye mbio. Vilikuwa mali ya kampuni ya reli ya Rio Grande Southern, njia nyembamba ya milimani iliyotoka Ridgway hadi Durango, kilomita 260 hivi. Ulipofika mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, abiria na mizigo vilikuwa vimepungua mno kuweza kulipia treni ya mvuke, na kampuni ilikuwa imeelemewa na madeni. Lakini ilikuwa na mkataba wa kubeba barua za posta, na mkataba huo haukuwa wa kuachwa upotee. Mwaka 1931 mafundi wa karakana ya Ridgway wakachukua gari dogo aina ya Buick, wakaondoa ekseli ya mbele na kuweka kigari cha magurudumu ya reli, wakaongeza ekseli ya pili nyuma na kuiunganisha na ya kwanza kwa mnyororo, kisha wakakata sehemu ya nyuma ya bodi na kuweka jukwaa la mizigo. Hicho ndicho kiberenge Namba 1. Vilivyofuata vingi vilitumia bodi za Pierce-Arrow, gari la kifahari la matajiri wa enzi hizo, likivuta nyuma yake sanduku kubwa la barua na mizigo.

Tazama basi uzuri wa jambo hili. Viberenge vyenyewe viliundwa kuanzia sifuri, kwa mikono, kutokana na vilivyopatikana. Wala havikubaki vile vile. Mwaka 1945 Namba 3, 4 na 5 zilivuliwa bodi za Pierce-Arrow na kuvishwa bodi za basi za kampuni ya Wayne, ila boneti na pua ya Pierce-Arrow zikaachwa mahali pake. Mwaka uliofuata zikawekewa injini za malori ya GMC yaliyobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Mkataba wa posta ulipokatika mwaka 1950, masanduku ya mizigo yakatobolewa madirisha makubwa na kuwekwa viti vya watalii. Anayesema anaunda modeli ya Namba 5 lazima aulizwe: ya mwaka gani?

Reli ya Rio Grande Southern ilikuwa na upana wa futi 3, yaani milimita 914. Modeli za kipimo kikubwa hutembea juu ya reli yenye upana wa milimita 45. Gawanya 914 kwa 45, unapata 20.3, na ndiko namba yetu ilikotoka. Reli hiyo hiyo ya milimita 45 hubeba modeli za njia nyingine pia, kinachobadilika ni uwiano tu. Kwa reli ya mita moja, kama Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma au ile ya zamani kutoka Mombasa kwenda Uganda, uwiano ni 1 kwa 22.5. Kwa SGR yenye milimita 1,435 ni 1 kwa 32. Ndiyo sababu kiberenge cha Colorado na behewa la Tabora vinaweza kupishana kwenye bustani moja.

Tuje kwenye uzito, maana hapo ndipo hesabu inapowashangaza wengi. Ukipunguza urefu mara 20.3, upana nao unapungua mara 20.3, na kimo vilevile. Uzito unapungua kwa namba hizo tatu zikizidishwa pamoja, yaani mara 8,365. Kila tani moja ya kiberenge halisi inageuka gramu 120. Kiberenge cha tani 7 kingebaki na uzito usiofika kilo moja. Modeli nyepesi hivyo, yenye urefu wa sentimita 64, ikikuta punje ya mchanga juu ya reli inaruka na kuacha njia. Kwa hiyo tunaongeza madini ya risasi chini ya sakafu, juu ya magurudumu yanayovuta, mpaka ifike kilo mbili au zaidi. Ukiipima kwa uwiano, kiberenge hicho ni kizito kupita kiasi. Ukikitazama kikitembea, ndipo kinaonekana kina uzito wa kweli: hakitetemeki, hakidundi.

Kona ni habari nyingine, nayo ndiyo iliyonikatisha kiberenge changu vipande viwili.

Reli za modeli zinazouzwa kwa wingi zina kona ya nusu kipenyo cha sentimita 60. Zidisha kwa 20.3, unapata mita 12. Hiyo ni kona ya lori kugeuzia barabarani, si ya treni. Namba 3, 4, 5 na 7 zilikuwa na vigari vitatu vya magurudumu: kimoja chini ya injini, cha pili katikati ambacho ndicho kilichoendeshwa, na cha tatu nyuma. Mimi nilichora kwa kutazama picha ya ubavuni, na ubavuni ile bodi inaonekana kitu kimoja. Nikatengeneza sakafu moja ndefu, imara, iliyonyooka kama rula. Kwenye reli iliyonyooka kilikwenda vizuri mno. Kilipoingia kwenye kona, kigari cha katikati kilipanda juu ya reli kikatulia hapo, magurudumu yakizunguka hewani.

Hesabu yake ni rahisi, ningeifanya mapema ningeokoa wiki mbili. Kati ya kigari cha mbele na cha nyuma palikuwa na sentimita 40. Kwenye kona ya sentimita 60, mstari ulionyooka wa urefu huo unaipita reli kwa ndani, na katikati yake unaachana nayo kwa milimita 34. Maana yake kigari cha kati kilitakiwa kisogee pembeni milimita 34, wakati reli nzima ina upana wa 45. Hakuna springi wala nafasi ya skrubu inayoweza kuruhusu hayo.

Mafundi wa Ridgway walikuwa wamelijua jambo hili tangu mwanzo. Viberenge vyao vya vigari vitatu vilikuwa na kiungo, kama lori na tela lake: gari mbele, sanduku nyuma. Nikachukua msumeno mwembamba nikakata sakafu niliyoihangaikia, nikaweka kiungo cha boliti moja juu ya kigari cha kati. Kona ikapitika. Lakini sasa likaja deni jipya: vipande viwili vikipinda, pembe ya sanduku inaligonga gari. Kwa bodi yenye upana wa sentimita 12, ilihitajika nafasi ya milimita 20 kati yao, sawa na sentimita 40 kwenye kiberenge halisi. Pengo hilo linachukiza macho. Dawa niliyoichagua ni kubadilisha reli badala ya kiberenge. Kwa kona ya sentimita 120, pengo linarudi milimita 10. Asiye na uwanja wa kutosha huchonga pembe za sanduku kwa ndani, zisionekane kutoka ubavuni.

Unene nao una vituko vyake. Bati la gari lenye milimita 1, ukiligawanya, linakuwa milimita 0.05, nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Bodi haiwezi kusimama kwa kitu hicho. Tunatumia plastiki ya milimita 1.5, ambayo kwa kiberenge halisi ingekuwa ukuta wa sentimita 3. Ukikata dirisha wima, gari la kifahari linageuka nyumba ya udongo, madirisha yamezama ukutani. Hapa ndipo tupa ndogo bapa inapofanya kazi. Unaigeuza bodi, unaishika tupa kwa mlalo, unakula kingo za dirisha kwa upande wa ndani taratibu, mpaka ukingo wa nje ubaki mwembamba kama ukucha. Dirisha moja huchukua robo saa. Ukisukuma kwa haraka ukingo unakatika, na unarudia ubavu mzima. Likitoka sawa, macho yanaona ukingo tu na kuamini bodi yote ni bati.

Mota za kawaida huzunguka haraka mno. Kilomita 40 kwa saa, kwa uwiano wetu, ni sentimita 55 kwa sekunde. Gurudumu la milimita 32 linahitaji mizunguko kama 330 tu kwa dakika, na mota ya mizunguko 6,000 inahitaji gia za kuipunguza mara 18. Betri za lithiamu na kipokezi cha rimoti vinakaa ndani ya sanduku la mizigo. Sanduku lile lililobeba barua za Colorado linatosha kabisa kwa betri nne, na reli haihitaji umeme wowote.

Kuhusu kigari cha nyuma, kiache kiiname kidogo kushoto na kulia juu ya boliti yake, na cha mbele kigeuke tu bila kuinama. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, na kanuni ni hiyo hiyo: bodi ikishikwa kwenye nukta tatu, magurudumu yote yanaigusa reli.

Bodi ya mbele ya kiberenge changu sikuigundisha kwenye sakafu. Imeshikwa na skrubu nne, na boneti ni kipande chake peke yake. Leo kimevaa Pierce-Arrow ya miaka ya 1930. Bodi ya Wayne ya 1945 iko mezani, madirisha sita yamekwisha kupigwa tupa, matano bado, na ikikamilika itakaa nyuma ya boneti ile ile.