Waziri kuitwa bungeni si kufukuzwa kazi

Unga wa mahindi ukipanda bei Lubumbashi, na sahani ya bukari (ugali) ikapungua, hapa mjini kwenye soko liitwalo Kenya hukosi kusikia: “Mbunge amemwita waziri wa biashara ya nje, sasa ataanguka.” Sivyo.

Kifungu cha 138 cha Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ya 2006 kinawapa wabunge na maseneta njia kadhaa: swali la mdomo au la maandishi, swali la mambo ya sasa, kumtaka waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, kuhojiwa mbele ya kamati. Swali la mdomo au la maandishi halifuatwi na kura.

Kumwangusha waziri ni hoja ya kutokuwa na imani naye, kifungu cha 146. Inapigiwa kura Bunge la Taifa peke yake, si Seneti, saa 48 zikishapita tangu iwasilishwe, na inataka zaidi ya nusu ya wabunge wote.

Tena, ushuru wa bidhaa pale Kasumbalesa, mpakani na Zambia, unatozwa na DGDA, idara ya forodha iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Mbunge anayemuuliza waziri wa biashara ya nje kuhusu ushuru huo amekosea mlango, na mama muuza unga ndiye anayeumia akingoja jibu.