Je, wajua kwa nini ngazi nne zinahitaji mteremko wa mita saba?

Ukizunguka Dodoma, kuanzia katikati ya mji hadi Mtumba ulipo Mji wa Serikali, utakuta majengo mengi yamenyanyuliwa kwa msingi, na mlangoni kuna ngazi tatu au nne. Pembeni unajengwa mteremko wa zege kwa ajili ya viti mwendo. Ngazi nne humalizika ndani ya mita moja na kidogo. Mbona mteremko wake unadai mita saba?

Ni hesabu ya moja kwa kumi na mbili: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za kwenda mbele. Ngazi moja ina kama sentimita 15, nne ni 60. Zidisha kwa 12, unapata sentimita 720. Kipimo hiki kimo kwenye viwango vya majengo vya Marekani, na nchi nyingi hukitumia.

Kwa nini 12? Chukua mtu na kiti chake, jumla kilo 100. Kwenye mteremko wa 1 kwa 12, mikono yake inasukuma uzito wa kama kilo 8, ukiacha msuguano. Ufupishe uwe 1 kwa 4 ili magari yapate maegesho, uzito unaruka hadi kilo 24 hivi, tena hakuna kupumzika: akiachia magurudumu, anarudi kinyumenyume. Kibaya zaidi, kiti kikielekea juu sana uzito wa mtu unahamia nyuma, na anaweza kupinduka chali. Wanaosukuma baiskeli zenye madumu ya maji wanalijua hili. Kilima kikiwa kikali hawakikabili uso kwa uso, wanakipanda kwa kukatakata kona.

Kona hizo ndizo dawa ya kiwanja kidogo. Mteremko hukunjwa mara mbili, na penye kona pakaachwa sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5, kiti kigeuke na mikono ipoe. Kwa viwango hivyo vya Marekani, kupanda kukizidi sentimita 76 sehemu hiyo ni lazima, hata kama mteremko umenyooka.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Kwa maoni yangu, mteremko mbaya huanzia kwenye ramani. Usipochorwa mapema, fundi hubakiwa na mita mbili tu; anamwaga zege, kisha anapamba kwa vigae vinavyong'aa. Hapo watu watateleza, Januari kwa mvua na Agosti kwa vumbi. Zege liachwe na mikwaruzo, na pembeni pawe na ukingo mdogo ili magurudumu ya mbele yasichomoke.

Viwanja vya michezo navyo vina mtihani wao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unagusa michezo na burudani katika ibara ya 30. Tuseme shabiki ameshaingia Uwanja wa Jamhuri bila shida. Dodoma Jiji wakifunga bao, wa mbele wote wanasimama, naye anabaki kutazama migongo. Ndiyo maana nafasi ya kiti mwendo hunyanyuliwa hadi mtu aone juu ya vichwa vya waliosimama, na kando yake huwekwa kiti cha kawaida cha aliyekuja naye.