"Umenenepa, Maisha Yamekukubali": Dhana Potofu Kuhusu Unene

Dhana: Mnene ni mlafi, hana nidhamu.

Chakula kina sehemu yake, tusidanganyane. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120, na soda ya mililita 300 hubeba vijiko saba hivi vya chai vya sukari. Ila wawili wanaweza kula chungu kimoja, mmoja akanenepa na mwenzake asiongezeke hata kilo. Vinasaba vinahusika. Usingizi mfupi na kazi za zamu ya usiku nazo huongeza njaa.

Halafu kuna dawa, ambazo majirani hawazioni. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe anayopewa mgonjwa wa lupasi (kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe) au baridi yabisi, huamsha hamu ya kula na kulimbikiza mafuta usoni, tumboni na nyuma ya shingo. Insulini, baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili huongeza uzito pia. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwanenepesha baadhi ya wanawake, si wote: anayeongezeka zaidi ya asilimia 5 katika miezi 6 ya mwanzo (kilo 3.5 kwa mwenye kilo 70) huelekea kuendelea kuongezeka, na hapo ndipo pa kumuuliza muuguzi kuhusu kitanzi kisicho na homoni.

Pima uzito kabla ya kuanza dawa, kisha kila mwezi, kwa mizani ileile, asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai. Usikatishe dawa mwenyewe. Prednisoloni ikitumika kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kazi yake. Ukiiacha ghafla, shinikizo la damu linaweza kuporomoka. Daktari huipunguza kidogo kidogo.

Dhana: Aliyenawiri hana VVU.

Uvumi wa zamani huu, na haukuwa kweli hata wakati huo. Tafiti za Afrika Kusini na Kameruni zimeonyesha kuwa watumiaji wa dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri, iliyomo kwenye vidonge vya TLD, huongezeka uzito, hasa wanawake. Sehemu ya ongezeko hilo ni afya kurejea. Likizidi, shinikizo la damu na sukari vipimwe, dawa ziendelee.

Dhana: Ni tezi tu.

Tezi ya shingo ikizembea huongeza kilo chache, nyingi zikiwa maji na chumvi. Kipimo cha damu cha TSH, homoni inayoiamuru tezi hiyo, humaliza ubishi.

Dhana: Akisemwa atapungua.

Anayeitwa bonge kila apitapo huacha kutembea barabarani, hula kwa kujificha, na huchelewa kliniki kwa sababu hata goti lililoteguka ataambiwa "punguza mwili" bila kuguswa. Tena mwili ukipungua hujihami: njaa hupanda, nishati inayotumika hushuka. Kilo zinazorudi si ushahidi wa uvivu.

Dhana: Kila kilo ni mafuta.

Bonyeza mfupa wa mguu kwa kidole gumba kwa sekunde 10. Shimo likibaki, huenda ni maji, ambayo chanzo chake chaweza kuwa moyo, figo au ini. Kuongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au pumzi kukata ukilala chali, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Beba na dawa zote unazotumia.