Kisasi cha mnyonya damu kwenye tamthilia

Katika tamthilia za wanyonya damu, kisasi ni deni la zamani ambalo mhusika anaendelea kulidai kwa sababu hafi. Sisi binadamu tukikosewa, miaka hupita, mmoja huzikwa, na kesi inaishia hapo. Mnyonya damu hana bahati hiyo. Aliyemuumiza bado yupo, naye bado anakumbuka.

Uganda ilikuwa na wanyonya damu wake kabla ya televisheni. Enzi za ukoloni watu wa Kampala waliwaogopa bazimamoto, walioaminika kukamata watu na kuwatoa damu. Lakini bazimamoto hawakuwa na utoto, wala mpenzi aliyepotea, wala kinyongo na mtu fulani. Walichukua damu, basi. Tamthilia zilimpa mnyonya damu maisha ya nyuma, na mtazamaji akaanza kuuliza: huyu alifanywa nini?

Jibu huja kwa kisengerenyuma, na hapo ndipo VJ wa kibanda cha video, yaani anayewatafsiria watazamaji filamu papo hapo, anapopata kazi. Picha inarudi karne nzima nyuma, nguo zimebadilika, sura ni ileile, naye lazima awaambie watu upesi kwamba huyu ni yuleyule kabla hajageuzwa kuwa mnyonya damu. Akichelewa, kibanda kizima kimepotea.

Mfano mzuri ni The Vampire Diaries, iliyorushwa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017. Ndugu wawili, Damon na Stefan Salvatore, wanampenda mwanamke mmoja, Katherine, ambaye ni mnyonya damu. Mwaka 1864 baba yao mzazi anawapiga risasi wakijaribu kumwokoa. Kwa kuwa wana damu ya Katherine mwilini, wanaamka, na wakinywa damu ya mtu watageuka. Stefan anageuka kwanza, kisha anamletea kaka yake msichana na kumshawishi anywe damu. Damon anakunywa, halafu anamwapia mdogo wake mateso ya milele. Mwanzoni tunaamini chuki yake inatokana na kulazimishwa huko. Baadaye anakiri: kilichomuuma ni kwamba Katherine alimgeuza Stefan pia, ilhali Damon alitaka awe yeye peke yake.

Kwangu hapo ndipo dhana hii inapokomaa, kwa sababu sababu anayoitangaza mlipa kisasi si lazima iwe ndiyo inayomuuma.

Katherine naye ana yake. Mwaka 1492, kule Bulgaria, Klaus, mnyonya damu wa kale, aliwaua jamaa zake kwa kuwa Katherine alimtoroka. Ukijua hilo unaelewa kwa nini anasaliti kila anayemwamini, ingawa hao anaowasaliti hawakuwa na kosa lolote kwake.