Kabla chama chenu hakijanunua kihisi cha tanki la maziwa

Umeme ukikatika usiku kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, hasara inaangukia kwa wafugaji. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na nyuzijoto 38 hivi, na tanki linatakiwa liyashushe hadi nyuzijoto 4 na kuyatunza hapo mpaka gari lifike. Ndiyo maana viongozi wa vyama vya wafugaji vya Rungwe, Njombe na Mufindi wanatuuliza kuhusu vihisi vinavyopima joto la tanki na kumtumia msimamizi ujumbe kwenye simu.

Kabla ya bei, ulizeni kwanza kifaa kinatuma taarifa kwa utaratibu gani. Kama kinaelewana na seva (kompyuta inayopokea na kutunza taarifa) ya mtengenezaji peke yake, siku kampuni hiyo ikifungwa au ikipandisha ada mnabaki na chuma chakavu, na rekodi zenu zote za joto ziko mikononi mwake.

Utaratibu ninaoupendekeza ni MQTT, kanuni za vifaa kupeana ujumbe mfupi kupitia mtandao. Ulibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti, yaani data ya ukubwa wa herufi moja, inalipiwa. OASIS, shirika la kimataifa la viwango vya teknolojia ya habari, iliupitisha kuwa kiwango mwaka 2014, na yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuutumia. Kichwa cha ujumbe wake, yaani sehemu ya mwanzo inayoutambulisha, kinaweza kuwa baiti 2 tu, kwa hiyo hata bando dogo kwenye laini ya simu linatosha.

Kituoni mnahitaji bodi ndogo ya kielektroniki yenye Wi-Fi kama ESP32 na kihisi cha joto cha DS18B20 kilichofungwa ndani ya chuma cha pua. Bodi inatuma namba, tuseme 4.5, kwa anwani kama rungwe/kituo1/tanki/joto. Inapokelewa na Mosquitto, programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) inayokaa kwenye seva na kufanya kazi ya dalali wa sokoni: kihisi hakimjui msimamizi wala msimamizi hakijui kihisi, yeye ndiye anayewaunganisha.

Kipengele ninachokithamini zaidi ni wosia. Bodi inapojiunga na Mosquitto huacha maagizo: nikipotea bila kuaga, tangaza kwamba kituo1 kimezimika. Mkiweka muda wa kuhakikishiana uhai kuwa sekunde 60, Mosquitto husubiri mara moja na nusu yake, yaani sekunde 90, kisha hutangaza. Bila hilo, skrini inaweza kuendelea kuonesha nyuzijoto 4 za jana jioni huku maziwa yakichacha, na hakuna atakayeamka. Ila seva yenyewe isikae kituoni, kwa sababu umeme ukikatika itazimika pamoja na bodi.

Kwa mashamba ya chai au viazi yaliyotawanyika, angalieni pia LoRaWAN, mtandao wa redio wa kutuma data kidogo kwa umbali mrefu, ambayo ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, iliitambua kama kiwango mwaka 2021, pamoja na ChirpStack, programu huria ya kuiendesha. Teknolojia ya redio ya LoRa inayobeba mtandao huo ni mali ya kampuni ya Semtech, kwa hiyo huko uhuria una mpaka. Masuala ya masafa ya redio muulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

Jambo moja linaniuma. Kuanzia toleo la 2.0, Mosquitto haipokei vifaa vya nje mpaka uipangie nani aruhusiwe, lakini mafundi wengi huifungua kwa kila mtu ili kazi iishe haraka. Mtu baki akiingia, anaweza kutuma 4.0 ya uongo na msimamizi akalala usingizi. Kila kifaa kiwe na nywila yake, na mawasiliano yapite mlango wa mtandao namba 8883 yakiwa yamefichwa, badala ya 1883 ulio wazi.

Kwenye mkataba andikeni kwamba msimbo wa bodi, nywila za msimamizi na rekodi zote ni mali ya chama. Kisha mwambieni muuzaji akielekeze kifaa kwenye seva nyingine mbele yenu. Ujumbe ukifika huko, wekeni saini.